"Simamisha hapo!": Mkanda wa mazoezi unavyomfunza afisa kuamua

Katika familia yetu ukisema "niko Sulimaniyah", lazima uulizwe: ipi, ya Riyadh au ya Jeddah? Nusu yetu wako Riyadh, upande ule wa hospitali ya kijeshi, Mji wa Tiba wa Prince Sultan. Nusu nyingine wako Jeddah, karibu na stesheni ya treni ya Haramain. Jina moja, miji miwili, na kati yake safari ya kilomita 950 hivi. Kisa cha leo kimeanza katika Sulimaniyah ya kwanza, na kimemalizika kwa tiketi ya treni tuliyokata katika ile ya pili.

Ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Ami yangu, afisa mstaafu mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa amekuja Riyadh kutibiwa goti, na nyumba imejaa watu waliokuja kumjulia hali. Biriani imeshaliwa, kahawa inazunguka, watoto wako mbele ya televisheni wanabishana kama bao lilikuwa la kuotea au la. Mjukuu wake, luteni wa miaka 24 katika jeshi la nchi mojawapo ya Ghuba, alikuwa kakaa pembeni, hasemi na mtu. Alipoulizwa ana nini, akajibu kwa sauti ndogo:

"Babu, nataka kuacha jeshi."

Kikombe cha Ami kikabaki hewani.

Sababu haikuwa mshahara, wala jua, wala ukali wa wakubwa zake. Sababu ilikuwa video ya dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja

Wiki tatu nyuma, katika mazoezi ya medani, kijana huyu alipewa platuni ya watu thelathini asindikize malori ya mahitaji. Amri ilikuwa malori yafike kabla ya magharibi. Njia zilikuwa mbili. Moja inapita ndani ya wadi: fupi, tambarare, lakini imezungukwa na vilima. Nyingine inapanda mgongo wa kilima: ndefu, ya taabu, ila ukiwa juu unaona kila kitu. Saa zilikuwa zinakwenda. Akachagua wadi.

Walipofika katikati, sajenti wake akaita kwenye redio: "Afande, naona vumbi kushoto, nyuma ya kilima." Dakika chache kabla, gari la mbele lilikuwa limepishana na wachungaji wa ngamia upande uleule. Luteni akaunganisha mambo mawili kichwani, vumbi na ngamia, akajibu neno moja: "Endelea."

Vumbi lile halikuwa la ngamia. Muda si muda fulana za askari zikaanza kulia pii, pii, pii. Katika mazoezi ya siku hizi hakuna risasi. Bunduki inatoa mwali wa leza, na aliyepigwa fulana yake inalia, maana yake ameshakufa, akae chini. Dakika kumi na moja baadaye zaidi ya nusu ya platuni ilikuwa imekaa chini, na malori yote yamekwenda.

Hakuna aliyeumia hata ukucha. Lakini kila kitu kilirekodiwa. Juu kulikuwa na droni, redio zote zilinaswa, na mahali alipo kila askari palionekana kwenye ramani kama nukta inayotembea. Kesho yake mkufunzi akawasha skrini kubwa mbele ya darasa, akauachia mkanda tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya sajenti iliposikika, "naona vumbi", darasa likaguna. Yeye aliposikika akisema "endelea", wakacheka. Mwisho mkufunzi akauliza: "Nani kati yenu angefanya hivi?" Hakuna aliyeinua mkono.

"Hata mimi, babu," kijana akasema, "nilipojitazama pale nilijiuliza, huyu mjinga ni nani?"

Ami akaweka kikombe chini. "Huo mkanda waliusimamisha wapi?"

"Hawakuusimamisha. Waliuachia mpaka mwisho."

"Basi mwanangu, hawakukufunza. Wamekuonyesha sinema."

Kutoka meza ya mchanga hadi droni

Maneno yale ya Ami ndiyo yaliyonifanya nianze kuuliza na kusoma. Ni mambo yanayotugusa. Familia nyingi za hapa Ghuba zina kijana jeshini au anayekwenda kuandikishwa, na wengine wana ndugu katika majeshi ya Tanzania na Kenya. Tunaona kwenye habari mazoezi makubwa. Tuliona "Radi ya Kaskazini" ya mwaka 2016 karibu na Hafar al-Batin, yaliyokusanya askari wa nchi zipatazo ishirini, wakiwamo majirani zetu wa Komoro. Tunasikia "Ushirikiano Imara" ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2024 Tanzania, China na Msumbiji walifanya mazoezi yao ya pamoja, na sehemu ya kazi ikawa Mapinga, Bagamoyo. Tunatazama vifaru na moshi, tunashangilia, tunazima simu. Lakini zoezi halimfunzi afisa pale moshi unapopanda. Linamfunza baadaye, watu wakishakaa chini na kuulizana.

Zamani za Ami kulikuwa na meza ya mchanga. Unachonga vilima kwa mkono, vijiwe ndio askari, vijiti vya kiberiti ndio magari, na mwalimu anasema: adui katokea hapa, wewe unafanya nini? Mchezo huu una umri mkubwa. Jeshi la Prussia, katika Ujerumani ya leo, lilikuwa likiwachezesha maafisa wake vita vya mezani tangu miaka ya 1820. Faida yake ni kwamba unaamua kabla hujajua mwisho. Hasara yake ni kwamba mchanga hauna hofu, hauna kelele, na redio haikatiki.

Ukienda medani halisi unapata hofu na kelele, ila unakosa ushahidi. Zoezi likiisha kila mtu ana hadithi yake. Ami alicheka aliponieleza: "Tukikaa kujadili, mwenye cheo kikubwa ndiye anaanza kusema. Akishasema yeye, ukweli umeshatoka kwa dirishani. Nani atamkanusha?"

Wamarekani walilihangaikia tatizo hili kwa muda mrefu. Katika Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1943, mwanahistoria wa jeshi lao S.L.A. Marshall alianza kuwakusanya askari baada tu ya mapigano kwenye kisiwa cha Makin, katika Bahari ya Pasifiki, na kuwauliza wote pamoja, mdogo kwa mkubwa, nini kilitokea saa kwa saa. Mwaka 1969, walipoona marubani wao wanaangushwa mno Vietnam, jeshi lao la majini lilifungua shule ya Topgun. Huko rubani anapigana na mwalimu angani, kisha wanashuka wakakaa na kulipitia pambano hatua kwa hatua. Miaka michache baadaye mitambo ya kurekodi ikaingia, ikawa rubani hawezi tena kudai "nilikupiga mimi kwanza" wakati mtambo unaonyesha vingine.

Mwaka 1980 jeshi la nchi kavu likafuata, likaanzisha kituo cha mafunzo Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, California. Pale pana eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,600, pana kikosi maalumu ambacho kazi yake ni kuwa adui, na pana mitambo inayonasa mizinga ya leza, mwendo wa magari na maneno ya redio. Zoezi likiisha, kabla vumbi halijatua, kunafanyika kikao chenye maswali manne ambayo leo yamezunguka dunia nzima: Tulikusudia nini? Kilitokea nini? Kwa nini? Safari ijayo tufanyeje? Vyeo vinawekwa kando, na mkanda uko pale kumsuta anayepamba.

Hapa kwetu Ghuba tuna mfano wa faida ya kuandika makosa waziwazi. Mwaka 2001 Oman na Uingereza walifanya zoezi kubwa la Saif Sareea ya pili, Waingereza peke yao wakiwa zaidi ya 22,000. Vumbi jembamba la jangwa la Oman liliziba vichujio vya hewa vya vifaru vyao. Hawakuficha. Mwaka 2002 ofisi yao ya ukaguzi wa hesabu za serikali ikatoa ripoti iliyosomwa na kila mtu. Mwaka 2003 walipokwenda vitani Iraq, vifaru vile vilikuwa vimefanyiwa matengenezo ya jangwani.

Dhoruba ya Februari 1991

Mkanda maarufu kuliko yote haukutoka kwenye zoezi. Ulitoka vitani, na jeshi lililopigana lilikuwa limeanzia safari yake katika ardhi ya Saudia.

Tarehe 26 Februari 1991, alasiri, vikosi vya mpanda farasi wa Kimarekani, ambao siku hizi farasi wao ni vifaru, vilikuwa vimeshavuka kutoka jangwa la Saudia na kuingia kusini mwa Iraq. Dhoruba ya mchanga imefunga macho. Kapteni mmoja wa miaka 28, H.R. McMaster, alikuwa akiongoza vifaru tisa na magari kumi na mawili ya deraya. Amri aliyokuwa nayo ilikuwa asivuke mstari fulani wa ramani, mstari wa 70. Karibu na mstari ule akapanda kijongo cha ardhi, na ng'ambo yake akakuta vifaru vya Walinzi wa Jamhuri wa Iraq vimejichimbia. Akafyatua, akaendelea mbele. Msaidizi wake akamkumbusha kwenye redio kwamba mpaka umeshafika. Akajibu kwamba hawezi kusimama, adui hajakaa sawa, na akisimama atampa nafasi ya kujikusanya. Akavuka, akasimama kilomita tatu hivi mbele. Pambano lake lilichukua dakika 23. Vita vile vimepewa jina la mstari wa ramani: 73 Easting.

Vita vilipokwisha, wataalamu walikwenda medani ile pamoja na askari waliopigana. Walikusanya alama za matairi na minyororo ya vifaru, kumbukumbu za redio, maelezo ya kila mtu, na hata kaseti ambazo baadhi ya askari walikuwa wamerekodi wenyewe ndani ya magari. Wakajenga upya vita vyote ndani ya kompyuta. Unaweza kukaa ndani ya kifaru chochote ukatazama kwa macho ya waliokuwa ndani, unaweza kupaa juu ukaona pande zote mbili, na unaweza kusimamisha saa.

Kijana akisimuliwa kisa hiki, la kwanza atakalosema ni: "Kumbe ukivunja amri ukashinda, wewe ni shujaa!" Hapo ndipo penye mtego. Mkanda ukiuachia mpaka mwisho, mwisho unafunika kila kitu. Aliyeshinda anaonekana mwenye akili, na aliyeshindwa anaonekana mjinga. Lakini mwalimu mzuri anasimamisha pale juu ya kijongo. Anauliza: Sasa hivi, kabla hujajua kitakachotokea, unajua nini? Umeona nini kwa macho yako? Huo mstari wa 70 uliwekwa kwa sababu gani, na hiyo sababu bado ipo? Ukisimama, adui atafanya nini dakika tano zijazo? Ukienda, nani atakulinda ubavuni? Andika jibu lako kwenye karatasi, kisha tuendelee.

Afisa aliyejibu maswali yale kwa kalamu yake, hata kama jibu lake silo la McMaster, amejifunza. Aliyekaa kushangilia mizinga ametazama sinema.

Jicho la nahodha

Kwa nini kurudia mikanda kunamsaidia mtu ambaye kesho atakutana na kilima kingine na adui mwingine? Jibu zuri lilitoka kwa wazimamoto. Miaka ya 1980, mtaalamu wa saikolojia Gary Klein, kwa fedha za jeshi la Marekani, aliwachunguza makamanda wa zimamoto. Alidhani atawakuta wanapima njia mbili tatu na kuchagua iliyo bora. Hakukuta hivyo. Wengi walisema hawakuchagua kitu. Waliitazama moshi, rangi yake, unavyotoka, wakajua tu. Walikuwa wameshaona moto mwingi, hata huu mpya ukafanana na mmoja wa zamani. Kisha wakaipitisha hatua yao haraka kichwani, wakiona itakwama wapi, na kama haikwami wanakwenda.

Wazee wetu wa pwani wasingeshangaa. Nahodha wa jahazi aliyezoea kuvuka na kaskazi kutoka Sur au Mukalla mpaka Lamu na Unguja hakuhitaji kuhesabu. Anatazama wingu, anatazama rangi ya maji, anasema "punguzeni tanga", na mabaharia wanapunguza, hata kama jua linawaka. Ukimuuliza kajuaje, atakwambia "nimejua". Alichonacho ni maghala ya misimu aliyoiona.

Luteni wa miaka 24 hana maghala hayo. Hajaona misimu. Na vita, Mungu atuepushe, si chuo cha kwenda kujifunzia, maana ada yake ni roho za watu. Mkanda wa zoezi ukitumiwa vizuri unampa misimu asiyokuwa nayo: vumbi la leo, vumbi la mwenzake wa mwaka jana, vumbi la kikosi cha nchi nyingine. Siku akiambiwa kwenye redio "naona vumbi", kitu kitamgusa begani kimwambie: hili tumeshaliona, uliza tena.

Mkanda uleule, darasa jingine

Ami hakumkataza mjukuu wake kuacha jeshi. Alimwambia jambo moja tu: "Rudi. Kamwombe mwalimu mwingine auonyeshe mkanda wako kwa watu wasiokujua. Ausimamishe kwenye lile vumbi. Kisha ndio uje uniambie unaacha."

Kijana akarudi. Ilimchukua siku kadhaa kupata ujasiri wa kuomba, maana nani anapenda kuonyeshwa aibu yake mara ya pili? Alipata mkufunzi mmoja aliyekubali. Mkanda ukapelekwa kwa kundi jipya lililokuwa halijausikia, bila jina, naye akaruhusiwa kukaa nyuma kabisa.

Mkufunzi yule alifanya mambo mawili tofauti. Kwanza, hakuonyesha picha ya droni. Aliwapa ramani, amri ya "kabla ya magharibi", na sauti za redio peke yake, kwa sababu luteni ndani ya gari lake hakuwa na droni. Alikuwa na kioo chenye vumbi na masikio yake. Pili, sajenti aliposema "naona vumbi kushoto", akasimamisha. Akawapa dakika moja: andikeni.

Karatasi zikakusanywa. Zaidi ya nusu walikuwa wameandika "endelea". Wachache waliandika "simama, tuma watu juu ya kilima". Na mmoja, askari kijana kuliko wote, aliandika swali: "Vumbi linakwenda upande gani?"

Mkufunzi akalisoma swali lile mara mbili. Kisha ndio akafungua picha ya droni. Ngamia walikuwa wanakwenda nyuma, kule msafara ulikotoka. Vumbi lilikuwa linakwenda mbele, sambamba na malori. Sajenti aliliona, na kama angeulizwa, angesema. Neno moja la nyongeza kwenye redio, sekunde tano, lingebadilisha kila kitu.

Kijana alinipigia simu usiku ule. "Shangazi," akaniambia, "mimi kosa langu si kuchagua wadi. Wadi ingeweza kuwa sawa. Wala si kusema endelea. Kosa langu ni kwamba mtu wangu alikuwa na jicho, na mimi nikamjibu kabla sijamuuliza."

Darasa la kwanza lilimfundisha kwamba yeye ni mjinga, na mjinga hana la kufanya ila kuacha kazi. Darasa la pili lilimfundisha kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Mkanda nao una hatari zake

Tusije tukadhani mashine ndiyo inayofundisha. Niliyoyasikia na kuyasoma yananionyesha mitego mitatu.

Wa kwanza ni jicho la juu. Droni inaona zaidi ya aliyeko chini, na ukimhukumu mtu kwa alichoona ndege unamdhulumu. Haki ni kuanza na alichokiona na kukisikia yeye.

Wa pili ni aibu. Sisi watu wa heshima tunajua uzito wa kukosolewa mbele ya walio chini yako. Afisa akijua kwamba mkanda ni fimbo, safari ijayo atachagua njia isiyoonekana mbaya kwenye skrini, badala ya njia iliyo bora kwa watu wake. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii humtaka mdogo aanze kusema, na mkubwa ataje kosa lake yeye kabla ya kugusa la mwenzake.

Wa tatu ni simu zetu. Video za mazoezi si za kutumiana kwenye makundi ya familia. Sheria za nchi zetu za Ghuba ni kali kuhusu picha za kijeshi, na kijana anayejisifu kwa mama yake kwa klipu ya sekunde kumi anaweza kujiharibia maisha. Mzazi, ukiletewa klipu ya namna hiyo, ifute na umwambie mwanao asirudie.

Na kuna kitu cha kuchukua hata kama nyumbani kwako hakuna mwanajeshi. Mara ngapi mtoto anagonga gari, au anafeli mtihani, tunaanza na mwisho? "Hukuona? Hukufikiri?" Sisi tumeshauona mkanda mpaka mwisho, yeye alikuwa katikati. Jaribu kurudisha nyuma: "Hebu nieleze, pale kabla, ulikuwa unaona nini? Nani alikwambia nini?" Utashangaa utakayoyasikia. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga, lakini mjukuu naye akilelewa vizuri anafaa.

Juu ya kilima cha warusha mishale

Mwezi uliopita Ami, goti likiwa limepata nafuu, alisafiri kwenda Jeddah kwa jamaa wa Sulimaniyah ya pili. Kijana alikuwa na likizo. Tukakata tiketi za Haramain pale stesheni, dakika chache kutoka nyumbani, na kwa chini ya saa mbili tukawa Madina.

Baada ya ziara tulikwenda Uhud, kilomita chache kaskazini mwa Msikiti wa Mtume. Kila familia yetu inakijua kile kilima kidogo, Jabal al-Rumat. Mwaka wa tatu wa Hijra, 625, hapo waliwekwa warusha mishale hamsini chini ya Abdullah bin Jubayr, wakiamriwa wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona ushindi umekuja, wengi wakashuka. Wapanda farasi wa Makka, wakiongozwa na Khalid bin Walid ambaye wakati huo hajasilimu, wakazunguka na kuingia kwa nyuma. Kwa sisi Waislamu amri ile haikuwa ya kamanda tu, na hakuna anayeilinganisha na mstari wa ramani wa kapteni yeyote. Ila swali la mwalimu linasimama pia hapa: sababu ya kuwekwa pale ilikuwa kulinda mgongo. Je, wakati wanashuka, farasi walikuwa wameondoka? Hawakuwa wameondoka. Sababu ilikuwa bado ipo, inatazama.

Ami alibaki chini kwenye kivuli kwa ajili ya goti. Kijana alipanda na mdogo wake wa miaka kumi na mbili. Mimi nikawafuata taratibu. Mdogo mtu alikuwa anakijua kisa kutoka shuleni, akaanza kukimbilia mwisho: "Halafu wakashuka, halafu farasi..."

"Subiri," kaka yake akamshika bega. "Simamisha hapo. Bado hawajashuka. Wewe uko hapa juu, unawaona wenzako kule chini wameshinda. Unatazama wapi?"

Mtoto akatazama bonde walipokuwa watu wanapiga picha. Akanyamaza kidogo. Kisha akageuka, akatazama nyuma ya kilima.

Luteni wetu bado yuko jeshini.